Jiko la moshi la nyumbani: maswali ninayoulizwa zaidi hapa Mwanza

Jumamosi jiko langu likianza kufuka huku Bwiru, lazima mtu apige hodi. Mmoja anataka kujua kinachobanikwa, mwingine ameshaamua kuwa na jiko lake na anataka kuuliza kabla hajatoa hela. Majibu haya ni ya mtu anayepikia familia na wageni wa wikiendi, watu kumi mpaka ishirini. Mwenye baa au anayebanika samaki wa kuuza ana hesabu zake, ingawa naye ataokota mawili matatu humu.

Jiko la moshi lina tofauti gani na jiko la nyama choma?

Umbali na mfuniko. Kwenye nyama choma wavu uko juu ya makaa, moto mkali, na mchomaji anageuza kila dakika. Kwenye jiko la moshi nyama inakaa mbali na moto, mfuniko umefungwa, na joto la ndani linatulia kati ya nyuzi 107 na 135 za Selsiasi kwa saa nyingi. Kuku mzima wa kisasa anataka kama saa tatu. Kidari cha ng'ombe kinaweza kumaliza saa kumi na bado kikakuambia subiri.

Kubanika si jambo geni kwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Ila wa mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, wanabanika ili samaki akauke na asafiri mbali bila kuharibika, na sisi wa nyumbani tunabanika ili nyama ilainike na ibaki na maji yake. Jiko la mwaloni ukilihamishia uani kwako kama lilivyo, mbavu zitatoka zimekuwa kuni.

Nianze na jiko gani?

Pipa la chuma la lita 200, la kusimama wima, makaa chini na wavu juu. Nimejaribu mengine na bado narudi hapo. Fundi yeyote wa kuchomelea analijua pipa, halili mkaa (kilo nne au tano zinakupeleka saa sita mpaka nane), na linaingia kwenye kona ya uwanja mdogo kama hizi nyua zetu za mlimani ambako nusu ya kiwanja ni jabali. Mafuta ya nyama yanadondokea makaa na kurudi juu kama mvuke, na ladha ile huipati kwenye jiko la umeme hata ufanyeje.

Mko wawili tu nyumbani? Basi pipa ni kubwa mno, soma habari ya jiko la duara hapo chini.

Pipa lolote linafaa?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia. Tafuta pipa lililobeba chakula: mafuta ya kula, juisi nzito, asali. Lililobeba oili ya injini linaweza kusafishwa kwa moto, japo mimi silipendi. Lililobeba dawa ya kilimo, kiyeyusho cha rangi au kemikali usiyoijua, liache hapohapo hata kama unapewa bure. Na usikate wala kuchomelea pipa lililofungwa ambalo limewahi kubeba petroli. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kisha chungulia ndani. Mapipa mengi ya chakula yana utando wa rangi, mara nyingi wa kahawia au kama dhahabu. Utando huo lazima uungue wote. Washa moto mkubwa wa kuni ndani, mfuniko ukiwa wazi, mpaka chuma kibaki kitupu, halafu upitishe brashi ya waya au grenda.

Pipa langu la kwanza niliuziwa likiwa limeshapakwa rangi ya silva ndani na nje, linang'aa kama sufuria mpya. Muuzaji aliapa kwamba ni rangi ya joto. Kuku wa kwanza alitoka na harufu ya karakana, mbwa wa jirani akainusa ile nyama akaondoka zake. Tangu siku hiyo nanunua pipa chafu ninaloweza kulisafisha mwenyewe kuliko safi nisilojua lilisafishwaje.

Wavu nao uangalie. Chuma kilichopakwa zinki, kile cheupe chenye maua-maua kama ndoo ya bati, kisiwekwe karibu na makaa wala kugusa nyama. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na makaa yanayopulizwa yanavuka hapo bila shida. Moshi wake unaumiza mapafu. Tumia nondo nyembamba zilizochomelewa, au wavu wa chuma cha pua ukiupata.

Nimpe fundi vipimo gani?

Mwandikie kwenye karatasi. Ukimwachia kichwani atakutengenezea jiko la nyama choma lenye kofia.

Chini kabisa, pembeni mwa pipa, atoboe matundu matatu ya inchi moja yaliyogawana mzunguko sawasawa. Mawili yawe na kifuniko cha kuzungusha cha bati, la tatu lifungwe kwa bomba lenye valvu au kizibo kinachobana. Hayo ndiyo usukani wa jiko.

Kapu la makaa lenye kina cha sentimita 20 hivi, lisimame kwenye miguu ya sentimita 7 au 8 ili jivu lianguke chini yake na hewa ipite. Kutoka sakafu ya kapu mpaka wavu wa nyama pawe na sentimita 60. Hiyo 60 usikubali ipunguzwe. Mafundi wanapenda kushusha wavu "ili iive haraka", na ikiiva haraka umepoteza sababu ya kuwa na jiko hili.

Juu ya mfuniko, matundu manane ya nusu inchi, au bomba moja fupi la inchi mbili. Mkono wa mfuniko uwe wa mbao. Na bawaba? Mimi sipendi bawaba kwenye pipa, mfuniko wa kunyanyua unakaa vizuri zaidi.

Nikilikuta tayari limetengenezwa, nitajuaje kama ni zuri?

Nenda jioni. Washa tochi ya simu, iweke ndani, funga mfuniko na matundu yote, kisha zunguka jiko. Kila mahali unapoona mwanga ndipo hewa itakapoingia bila ruhusa yako. Mwanga mwembamba kwenye ukingo wa mfuniko unavumilika, kwa sababu mafuta na masizi vitaziba baada ya mapishi matatu manne. Mwanga wa kuingiza kidole cha mtoto, mrudishie.

Kipimo cha pili ni cha moto wenyewe. Ukiziba kila tundu, makaa yanapaswa kufifia na hatimaye kuzimika, nawe kesho ukayatumia yaliyobaki. Jiko lisilozimika huwezi kulipunguza moto. Watu wananiuliza unene wa chuma, ukubwa, magurudumu, rangi. Mimi naanza na hili la kuzimika, na likishindwa siendelei na mengine.

Yale ya kutoka nje ya nchi je?

Yapo ya aina nyingi na hayalingani.

Jiko la duara lenye mfuniko ndilo ninalolisifu. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago, alikata boya la chuma katikati, nusu ya chini ikawa jiko na ya juu mfuniko. Mtu wa pwani ya ziwa hahitaji kuelezwa kwa nini boya halipitishi kitu. Makaa yakisukumwa upande mmoja na nyama ikakaa upande wa pili, unabanika samaki wawili au kuku mmoja bila taabu. Kwa kidari kikubwa ni dogo.

Majiko ya kauri yenye umbo la yai, asili yake kamado, jiko la jadi la Kijapani, yanatunza joto kuliko yote na yanatumia mkaa kidogo ajabu. Ni mazito, ni ghali, na yakidondoka kwenye kushushwa garini yanapasuka. Nani atakubebea mpaka huko mlimani kwako?

Ya vidonge vya mbao, yaliyoanzishwa na Joe Traeger wa Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, yana injini ndogo inayosukuma vidonge motoni na kompyuta inayolinda joto. Ni raha tupu kama una vidonge na umeme usiokatika. Vidonge vikinyonya unyevu vinavimba na kugeuka unga, na jiko linakwama katikati ya usiku. Sijamshauri mtu yeyote wa hapa anunue.

Ya umeme ni mepesi kutumia ila moshi wake ni wa aibu. Ukiletewa na ndugu aliyeko Marekani, soma kibandiko cha nyuma kwanza: ya kwao ni ya volti 120, sisi tuna 230. Kuliunganisha moja kwa moja ni kuliunguza.

Nimeona lenye sanduku la moto pembeni na bomba kama treni. Linapendeza.

Linapendeza kweli. Moto unawaka kwenye sanduku la pembeni, moshi na joto vinapita juu ya nyama na kutokea bombani upande wa pili. Wamarekani wa Texas wanaliheshimu sana. Lakini lile zuri ni la plati ya milimita sita, na bei ya chuma hicho unaijua. Yanayotengenezwa kwa mapipa mawili membamba yanavuja joto kama kikapu, na utakaa umeinama kwenye sanduku kuongeza kuni kila nusu saa. Kama unapenda kukaa na moto, huo ni mchezo wako. Kama Jumamosi una kikao cha harusi, achana nalo.

Naweza kujenga la matofali?

Ukiwa na kiwanja chako mwenyewe, ndiyo, na kwa samaki wengi ni bora kuliko pipa. Mfano wa kuiga uko hapahapa Afrika: jiko la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, Ghana, ambako lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Ni kisanduku cha matofali chenye milango ya moto mbele, na juu yake unapanga trei za mbao zenye wavu, moja juu ya nyingine, kama droo. Trei zenyewe ndizo kuta za chumba cha moshi. Unabadilishana ya chini na ya juu, na kuni zinatumika chache kuliko kwenye mabanda ya wazi. Baadaye, huko Thiaroye nchini Senegal, liliboreshwa kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: ikaongezwa trei ya kukinga mafuta yasidondokee moto.

Onyo kwa wenyeji wa Jiji la Miamba: mawe yetu yasiguse moto. Najua yamejaa na ni bure. Granaiti ikipashwa moto mkali inabanduka vipande, na jiwe lililotoka ziwani likiwa limenyonya maji linaweza kupasuka kwa kishindo. Tumia tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu, mawe yabaki kwenye msingi.

Kuni zipi?

Mwembe na mpera ndiyo kimbilio langu, na yote inapatikana watu wakipogoa miti. Mchungwa na mlimao ni mitamu kwa samaki na kuku. Ukipata matawi ya mbuni, yaani mti wa kahawa, kutoka upande wa Kagera, weka kwa ajili ya nyama ya ng'ombe. Magunzi ya mahindi makavu pia yanatoa moshi laini, na watu wanayatupa.

Usitumie mkaratusi, msonobari wala mti wowote wenye utomvu mwingi au mafuta: nyama itanuka dawa ya kikohozi. Mwarobaini ni mchungu. Mnyaa na jamii yake yenye maziwa makali, usiukate hata karibu na jiko. Mbao za ujenzi zilizopakwa dawa, mabaki ya fanicha yenye gundi na paleti za bandarini ni sumu moja kwa moja.

Kuni ziwe zimekauka miezi kadhaa. Kuziloweka maji ni mazoea tu, zinachelewa kuwaka na kutoa mvuke mweupe. Vipande vitatu vinne vya ukubwa wa ngumi, vikiwa vimefukiwa kwenye mkaa, vinatosha pipa zima. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa bluu kwa mbali, karibu usiuone. Ukiona mweupe mzito unabingirika, usiweke nyama bado.

Mkaa wowote?

Mkaa wa miti, mapande makubwa, usio na chengachenga. Mkaa mbadala wa pumba au vumbi la mkaa unafaa kama umeshikizwa kwa wanga. Ule uliotengenezwa kwa makaa ya mawe ni wa kuchemshia maharage kwenye sufuria yenye mfuniko, moshi wake usiguse chakula. Na usiwashe kwa mafuta ya taa. Tumia karatasi au maganda makavu, kisha subiri.

Upepo wa ziwani unanisumbua. Nifanyeje?

Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kwa hiyo jiko ulilolitega asubuhi likatulia linaweza kupandisha joto ghafla saa nane mchana bila wewe kugusa kitu, kwa kuwa upepo unapuliza kwenye tundu la chini. Geuza tundu ulilolifungua lisielekee ziwani, na weka jiko nyuma ya jabali au ukuta. Hapo ndipo mawe yetu yanapofaa.

Mvua za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei zinapoza pipa jembamba vibaya sana. Banda la mabati manne juu ya nguzo linatosha, mradi liwe refu na wazi pande zote.

Naweza kulitumia kwenye veranda iliyofungwa, au ndani mvua ikinyesha?

Hapana. Gesi ya makaa haina harufu na inaua watu waliolala.

Jiko lipi linafaa sangara, na lipi sato?

Swali zuri. Samaki hawa wawili ni watu wa tabia tofauti.

Sangara ana mafuta. Tangu aingizwe ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wachakataji waligundua kwamba hakauki juani kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ndiyo sababu akaishia kwenye moshi na kwenye kuni nyingi. Kwenye pipa mafuta yake yanadondoka na kuwasha ndimi za moto. Nilipoteza minofu ya kilo tatu hivyo, niliingia ndani kupokea simu tu. Sasa naweka sufuria pana yenye maji kati ya makaa na wavu. Inakinga mafuta na inatuliza joto pia: hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96, na yakiwemo jikoni joto haliruki ovyo. Kwa hiyo ukiwa mtu wa sangara, hakikisha jiko unalonunua lina nafasi ya sufuria hiyo.

Sato hana mafuta ya kumlinda. Mloweke kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita, saa moja. Mwanike kivulini mpaka ngozi ing'ae na kunata kidogo kidoleni, ndipo moshi unamshika. Saa moja na nusu inamtosha. Kwa sato jiko la duara linafanya kazi nzuri kama pipa.

Kipimajoto ni lazima?

Ndiyo. Kipimajoto cha mshale cha kwenye mfuniko kinapima hewa ya mfunikoni, na kinaweza kukosea kwa nyuzi 15 au 20. Nunua kipimajoto kidogo cha sindano cha kuchoma kwenye nyama. Kuku afike nyuzi 74, samaki 63, na bega au kidari unachotaka kichambuke kwa vidole kifike 93 hadi 95. Ukikuta maelezo ya Kimarekani yanasema 225, hiyo ni Farenhaiti, yaani 107 zetu.

Nyama imefika nyuzi 70 ikagoma kwa saa tatu. Jiko bovu?

Jiko zima. Nyama inatoka jasho, na jasho linapokauka linaipoza, kama wewe ukitoka kuogelea. Usiongeze moto. Subiri, au ifunge kwenye karatasi ngumu isiyo na nta, itaendelea.

Ninunue na kifaa cha moshi wa baridi?

Usinunue. Moshi wa baridi unataka joto chini ya nyuzi 30 kwa saa nyingi, na mchana wetu peke yake uko hapohapo. Samaki atakaa katika joto ambalo bakteria wanalipenda.

Nimeshabanika kitimoto. Shemeji yangu Mwislamu anakuja Jumapili.

Kubadilisha wavu hakutoshi kwa wengi, maana mafuta yameshaingia kwenye kuta. Mwambie ukweli kabla hajala, na umchomee kwenye jiko jingine kabisa. Nyumba yenye wageni mchanganyiko mara kwa mara iamue mapema kwamba jiko hili halitaguswa na nguruwe. Kwangu tuliamua hivyo, kitimoto tunakifuata kwa wanaokijua.

Na afya? Moshi si una saratani?

Moshi mchafu una kemikali za jamii ya benzopirini, na benzopirini imethibitishwa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, unaruhusu mikrogramu 2 tu za benzopirini kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi. Kemikali hizi zinazaliwa zaidi mafuta yanapodondokea moto na kuni zinapowaka bila hewa ya kutosha. Sufuria ya maji, kuni kavu, moshi mwembamba na kuondoa ngozi nyeusi vinapunguza. Kula mara moja moja pia kunapunguza, na hili napenda kulisema taratibu.

Wengine wananikumbusha Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Ugali na maharage ya kila siku kwetu ni gesi. Pipa ni la Jumamosi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka jiko linalozimika ukabakiza mkaa.

Pipa hudumu muda gani?

Miaka mitatu hadi mitano ukilitunza. Linaoza kuanzia chini, kwa sababu jivu likilowa linakula chuma, kwa hiyo mwaga jivu kesho yake asubuhi, usingoje Jumamosi nyingine. Nje lipake mafuta ya kula likiwa bado na joto. Ndani usilisugue likang'aa: toa mabonge tu, ule weusi laini ndio kinga. Likianza kutoboka kitakoni, kata sehemu ya juu yenye mfuniko uliozoea, mpe fundi aiweke kwenye pipa jipya.